Jembe Lilitoka Wapi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Chimbuko la Uhunzi wa Ufipa na Majirani Zake

Ukipita nyanda za juu za Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, bado unaweza kukuta minara ya udongo mwekundu imesimama porini, mingine mizima hadi juu, mingine imebaki kitako tu. Hayo ni matanuru ya chuma. Watoto wengi wa mkoa wa Rukwa wamekua wakiyaona bila kuambiwa ni nini. Majibu haya yameandikwa kwa ajili yao, na kwa yeyote anayetaka kujua viwanda vidogo vya chuma vya vijijini vilianzaje magharibi mwa Tanzania.

Uhunzi ni kazi moja au kazi nyingi?

Ni kazi mbili, na ukizichanganya hutaelewa lolote katika historia hii. Kazi ya kwanza ni kuyeyusha: kuchukua mawe yenye chuma na kuyapika kwa mkaa mpaka chuma kitoke ndani yake. Kazi ya pili ni kufua: kukipasha moto chuma kilichokwisha kupatikana na kukigonga juu ya fuawe mpaka kiwe jembe, shoka, mundu, kisu au mkuki.

Kuna wahunzi waliofanya zote mbili. Kuna jamii zilizofua tu, na chuma zikakinunua kwa wengine. Wachagga, kwa mfano, walisifika kwa mikuki, lakini chuma chao kingi kilitoka Upare. Mtu anaposema "uhunzi umekufa" au "uhunzi upo hai", kwanza muulize anasema kazi ipi.

Je, ujuzi huu uliletwa na Waarabu au Wazungu?

Hapana. Wageni hao walipofika bara katika karne ya 19, walikuta chuma kinayeyushwa, kinafuliwa na kuuzwa masokoni. Wasafiri wa Ulaya wenyewe waliandika kuhusu majembe waliyoyaona yakibebwa na misafara.

Swali gumu zaidi ni kama ujuzi ulizaliwa papa hapa au ulishuka kutoka kaskazini miaka mingi kabla ya hapo. Vitabu vya zamani vilipenda kusema ulitoka Meroe, katika Sudan ya leo, au Carthage, katika Tunisia ya leo, kana kwamba Mwafrika wa bara asingeweza kugundua lolote. Ushahidi wa njia hiyo haujapatikana, na tarehe zinazopatikana karibu na Maziwa Makuu ni za kale mno kiasi cha kuitikisa hoja hiyo. Wataalamu bado wanabishana. Kwangu mimi, utofauti wa matanuru ya Afrika Mashariki peke yake unatosha kuonyesha kwamba watu walibuni na kurekebisha mambo kwa vizazi vingi, hata kama cheche ya kwanza ilitoka kwingine.

Kazi hii ilianza lini?

Upande wa magharibi wa Ziwa Victoria chuma kimeyeyushwa kwa zaidi ya miaka 2,000. Mahali panapotajwa sana ni Katuruka, karibu na Bukoba, mkoani Kagera, na jinsi palivyogunduliwa ni jambo la kuheshimu kumbukumbu za wazee. Masimulizi ya Wahaya yanasema Mfalme Rugomora Mahe, aliyetawala Kyamutwara katika karne ya 17, aliagiza wahunzi wajenge mnara wa chuma ufike mbinguni. Wazee walijua hata mahali wahunzi hao walipofanyia kazi, penye mti wa Kaiija. Mwaka 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt alichimba pale walipomwelekeza, akakuta mabaki ya kazi ya chuma ya kale kuliko mfalme huyo kwa karne nyingi sana. Watu walikuwa wamepakumbuka mahali, na kumbukumbu ile ya kale ikavikwa jina la mfalme wa baadaye.

Mabaki ya huko yanaandamana na vyungu vya aina ya Urewe, ambavyo vimesambaa kote kuzunguka Ziwa Victoria na vinahusishwa na jamii za mwanzo za wakulima.

Malungu, yaani yale matanuru marefu ya Ufipa, ni ya karibu zaidi. Haya yanayoonekana leo yamesimama ni ya karne chache zilizopita, na mengi yalitumika hadi mwanzoni mwa karne ya 20.

Kwa nini Ufipa hasa?

Kwa sababu ya kilimo. Ufipa ni nchi ya nyasi na udongo usio na rutuba nyingi, na Wafipa walibuni namna yao ya kulima kwa matuta ya mviringo: nyasi zinafyekwa, zinafunikwa kwa udongo, zinaozea ndani, kisha tuta linapandwa au kutawanywa. Kazi hiyo haifanyiki kwa kijiti. Inataka jembe pana, zito, lenye makali, na jembe huisha. Kila kaya ilihitaji jingine baada ya misimu kadhaa.

Hitaji hilo likakutana na mambo matatu yaliyokuwapo tayari: mawe ya chuma yanayopatikana juu ya ardhi au kwenye mashimo mafupi, miti migumu ya miombo kwa mkaa, na vichuguu. Usidharau vichuguu. Udongo wa mchwa ni laini, unashikana vizuri na unavumilia moto kuliko udongo wa kawaida, na ndio uliojenga tanuru.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoanza historia ya uhunzi kwa silaha. Mikuki na mishale ilikuwapo, lakini kilichoulisha uhunzi mwaka hata mwaka ni jembe.

Malungu ni nini, na yalifanyaje kazi?

Malungu (moja ni ilungu) ni matanuru marefu, yenye kimo cha kama mita 3, mapana chini na membamba kidogo juu. Ukuta ulipandishwa kwa mabonge ya udongo, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka liliachwa likauke kabla ya jingine. Mara nyingi tanuru lilijengwa kando ya kichuguu, ili watu wapande na kumimina mkaa na mawe kwa juu. Kuzunguka kitako kulikuwa na matundu, na ndani ya matundu hayo yalipachikwa mabomba ya udongo yaliyochomwa.

Malungu hayakuvutwa kwa mivukuto (vifuko vya ngozi vya kupulizia moto), na hapo ndipo ustadi wake ulipo. Hewa moto ndani ya mnara hupanda na kutoka juu. Inapotoka, hewa mpya inajivuta yenyewe kupitia mabomba ya chini. Urefu wa tanuru ndio mvukuto wake. Moto ukishashika, tanuru linajipumulia usiku na mchana kwa siku kadhaa bila mtu kuchoka mikono. Anayelisimamia anaongeza mkaa na mawe, na anaangalia rangi ya moto kwenye matundu.

Ndani kinachotokea ni hiki. Jiwe la chuma ni chuma kilichoshikana na oksijeni. Mkaa ukiungua kwa hewa haba hutoa gesi ya kaboni monoksidi, na gesi hiyo huinyang'anya chuma oksijeni yake. Mchanga na uchafu mwingine wa jiwe huyeyuka na kutiririka, hatimaye kuganda kama kioo cheusi: hayo ndiyo mavi ya chuma, yanayookotwa hadi leo mashambani. Chuma chenyewe hakiyeyuki. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi, na matanuru ya namna hii kwa kawaida hufanya kazi kwenye nyuzi 1,100 hadi 1,300 hivi. Kwa hiyo kinachobaki ni bonge lenye matundu kama sifongo, limechanganyika na mavi na vipande vya mkaa.

Tunasema "kuyeyusha chuma" kwa mazoea, na hakuna ubaya. Ila kilichoyeyuka kilikuwa takataka.

Kwa nini bonge lilihitaji tanuru la pili?

Kwa sababu lilitoka chafu. Tanuru refu la kujipumulia lina faida ya kupokea mawe mengi, hata yale yenye chuma kidogo, lakini huwezi kuuongoza moto wake kwa karibu. Wafipa walilimaliza tatizo hilo kwa kujenga tanuru dogo, kintengwe (mengi ni vintengwe), fupi kuliko mtu, na hili lilivutwa kwa mivukuto. Mabonge yalivunjwa, yakachambuliwa, yakapashwa upya mpaka mavi yaliyobaki yatoke na chuma kijikusanye. Baada ya hapo ndipo mhunzi alipochukua nyundo.

Wanyiha, walioko Mbozi katika mkoa wa leo wa Songwe, walikuwa na utaratibu wa kufanana. Na huko mwambao wa Ziwa Tanganyika, ndani ya wilaya ya Nkasi, uchimbuzi wa mwanaakiolojia Bertram Mapunda ulionyesha kwamba malungu hayakuwa mtindo pekee: kulikuwa na matanuru mengine mafupi, yanayojulikana kwa jina la Katukutu. Eneo moja, mbinu zaidi ya moja. Hii inatosha kumnyamazisha anayedhani teknolojia ya kijadi ni kitu kimoja kisichobadilika.

Ni kweli tanuru lilichukuliwa kama bibi harusi?

Ndiyo. Ufipa, tanuru jipya lilipambwa na kutendewa kama mwali anayeolewa, na wayeyushaji walijinyima tendo la ndoa muda wote wa kazi. Kulikuwa na dawa zilizowekwa chini ya tanuru, kulikuwa na nyimbo, na kazi ilifanyika mbali na kijiji, wakati wa kiangazi. Jamii nyingi za Afrika Mashariki na Kati zilikuwa na imani ya kufanana: tanuru ni tumbo la uzazi, na chuma ni mtoto anayezaliwa humo.

Wapo wanaoona mambo haya ni ushirikina wa kuondoa pembeni ili tubaki na "sayansi". Sidhani ni haki. Kwa fundi mwenyewe, dawa na udongo vilikuwa kazi moja, na miiko ilikuwa na manufaa yanayoonekana: iliwaweka watu pamoja porini siku zote za moto, ilizuia wapita njia, na ililinda siri ya fundi mkuu. Kiangazi nacho kina sababu ya wazi. Udongo unakauka, mkaa unabaki mkavu, na watu wamemaliza mashamba.

Je, Wahaya walitengeneza chuma cha pua kabla ya Ulaya?

Habari hii huzunguka mitandaoni ikiwa imetiwa chumvi, basi tuiweke sawa. Katika miaka ya 1970 Peter Schmidt na mhandisi Donald Avery waliwaomba wazee wa Kihaya waliowahi kuyeyusha chuma ujanani wajenge tanuru tena. Wazee walijenga kwa udongo wa kichuguu, wakajaza shimo la chini majani ya kinamasi yaliyochomwa, wakaingiza mabomba ya udongo mpaka ndani ya tanuru na kuvuta kwa mivukuto. Kilichotoka kilikuwa na kaboni ya kutosha kuitwa chuma cha pua, yaani chuma kilichoimarishwa kwa kaboni (si kile kisichoshika kutu). Matokeo yalichapishwa mwaka 1978 katika jarida la Science, pamoja na hoja kwamba mabaki ya kale ya eneo la Kemondo yanaonyesha mbinu hiyo hiyo karne nyingi zilizopita.

Linalobishaniwa ni maelezo ya namna ilivyofanyika. Schmidt na Avery walisema hewa ilipashwa moto ndani ya mabomba kabla ya kufika kwenye mkaa, na hivyo joto likapanda sana. Wataalamu wengine wa metali hawakukubali kwamba joto la ziada lilikuwa kubwa kiasi hicho. Linalobaki bila ubishi ni kwamba wazee wale walijua kazi, na walitoa chuma bora mbele ya macho ya wapimaji.

Wahunzi walikuwa ukoo maalumu?

Inategemea mahali. Upare, ukoo wa Washana ndio uliobeba uhunzi, na masimulizi ya Ugweno, upande wa kaskazini wa Upare, yanasema Washana walikuwa watawala kabla ya kupinduliwa na ukoo wa Wasuya. Hapo uhunzi na utawala viliwahi kukaa mkono mmoja. Wamaasai walikuwa na wahunzi wao, Ilkunono, waliotegemewa kwa kila mkuki na bado wakatengwa: hawakuolewa nje ya kundi lao. Upande wa kusini-magharibi mwa Ziwa Victoria, kuelekea Geita na Biharamulo, Barongo walikuwa kundi la wayeyushaji lililowachanganya watu wa makabila mbalimbali. Kilichowaunganisha ni kazi.

Majembe yaliuzwaje?

Kwa kubadilishana, na mbali kuliko wengi wanavyodhani. Jembe lilikuwa chombo cha kazi, lakini pia mali ya kuweka akiba, kulipia faini na kutolea mahari. Majembe ya Uzinza na ya Barongo yaliwafikia Wasukuma na Wanyamwezi, na Tabora, penye njia panda ya misafara, yaliuzwa kwa wingi. Ufipa nayo ilikuwa na majirani wenye vitu ilivyovihitaji: bonde la Rukwa lilifuma vitambaa vya pamba, na Ivuna, kusini mwa Ziwa Rukwa, kulipikwa chumvi tangu karne ya 13 hivi. Jembe, chumvi, kitambaa, nafaka na mifugo vilizunguka ndani ya mkondo mmoja wa biashara, kabla reli haijafikiriwa.

Kwa nini matanuru yalizimika?

Hapakuwa na amri moja iliyoyazima. Wakoloni wa Kijerumani, na baada yao Waingereza, walifungua njia kwa majembe ya kiwandani na chuma cha waya na vipande kutoka Ulaya. Fikiria hesabu ya fundi wa Ufipa: kuchoma mkaa, kuchimba mawe, kujenga, kuangalia moto siku na usiku, kusafisha kwenye kintengwe, kufua, halafu sokoni akute jembe la Ulaya la bei nafuu. Kodi nayo ilidaiwa kwa fedha taslimu, kwa hiyo vijana waliondoka kwenda kwenye mashamba ya mkonge na migodini. Tanuru linataka kundi zima la watu, na kundi lilitawanyika.

Wamisionari nao walichangia. Mapadri Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki, walikuwapo Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika, tangu 1885, na mkristo mpya hakutakiwa kushiriki dawa na matambiko ya tanuru. Ukiondoa matambiko, kwa fundi wa wakati ule umeondoa nusu ya kazi. Kufikia miaka ya 1930 uyeyushaji Ufipa ulikuwa unafifia, na baada ya hapo uliowashwa ulikuwa zaidi wa kuwaonyesha watafiti.

Hasara hii inaniuma. Ujuzi wa kusoma moto kwa macho haukuandikwa na wenyewe. Ulikaa kwa watu, na watu walipokufa ukapungua nao.

Basi wahunzi wa vijijini wa leo wametoka wapi?

Wametoka kwenye ile kazi ya pili. Tanuru lilizimika, fuawe ikabaki. Mara chuma cha Ulaya kilipopatikana, mhunzi hakuwa na haja ya mawe tena: alifua waya, alifua jembe lililokwisha, na magari yalipozidi akageukia vyuma chakavu. Alibadilisha malighafi, hakubadilisha mikono.

Mtazame anavyotengeneza shoka kwa springi ya lori. Moto ni wa mkaa ndani ya shimo dogo. Upepo unatoka kwenye mivukuto ya ngozi ya mbuzi au, siku hizi, kwenye feni inayozungushwa kwa rimu ya baiskeli. Springi inapashwa mpaka iwe ya rangi ya chungwa, inakatwa kwa patasi ikiwa moto, kisha ncha inafuliwa kuwa nyembamba upande wa makali na nene upande wa mpini. Ikirudi kuwa nyekundu ya giza anaacha kugonga mara moja, kwa sababu springi ina kaboni ya takriban asilimia 0.6 na ukiigonga ikiwa imepoa inapasuka. Mwisho anazamisha makali tu, na fundi anayejua hutumia oili chafu ya injini badala ya maji. Maji hupoza haraka mno na kuacha nyufa ambazo huzioni mpaka shoka livunjike mtini.

Kuna jambo la kusisitiza kwa mafundi: vipande vya reli, vyuma vya madaraja na alama za barabarani si chakavu. Kuvinunua ni kununua mali ya wizi, hata muuzaji akisema alivikuta vimetupwa.

Jembe la mhunzi linalizidi la kiwandani?

Likifuliwa na fundi mzuri kwa springi, hudumu sana, na akilinoa upya linarudi kazini. Pia analifua kwa kipimo cha udongo wenu na kwa mpini mnaoutumia. Jembe la kifipa na mengine ya kijadi yalikuwa na msuka, ule mwiba unaopenya kwenye kichwa cha mpini. Ya kiwandani mengi yana tundu. La kiwandani ni rahisi kupatikana na yote yanalingana. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, bidhaa zilipoadimika nchini, wakulima wengi walirudi kwa mhunzi kwa sababu dukani hapakuwa na kitu.

Serikali imewahi kuwasaidia?

Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, liliundwa mwaka 1973 na lina ofisi mikoani. Linatoa mafunzo, mikopo na msaada wa mashine. Mhunzi wa kijijini anayetaka kununua mashine ya kuchomelea au grenda aanzie huko. Maoni yangu ni kwamba misaada mingi imewafuata zaidi wachomeleaji wa mijini kuliko mfua majembe, ambaye mara nyingi hana umeme wala anuani.

Nimekuta mnara wa udongo au mavi ya chuma shambani kwangu. Nifanye nini?

Usiubomoe na usichukue udongo wake kufyatulia matofali. Usihamishe mabomba ya udongo wala mavi, kwa sababu mahali vilipolala ndipo vinapozungumza. Kipande kilichookotwa na kuwekwa kabatini kimepoteza nusu ya habari yake. Piga picha, andika mahali, waulize wazee wa kijiji nani alifanya kazi hapo, na toa taarifa ofisi ya kijiji na kwa afisa utamaduni wa wilaya.

Ujue pia kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavilinda moja kwa moja vitu na majengo ya kabla ya mwaka 1863. Malungu mengi ni ya baadaye kuliko hapo, kwa hiyo yanahitaji kutangazwa rasmi ndipo yalindwe. Kijiji kinaweza kuanza bila kusubiri: halmashauri ya kijiji iweke eneo la tanuru kwenye mpango wake wa matumizi ya ardhi, moto wa kuandaa mashamba usifike hapo, na mifugo isilale ndani. Mvua na mizizi ya miti ndivyo vinavyoangusha minara hii zaidi, na kung'oa mche unaoota ukutani kabla haujawa mti ni kazi ya dakika chache.